Miguu Yote Iliingia

Sisi bachuruzi ba Butembo tunajua kununua bila kusema. Nilifika Dubai mara ya kwanza bila neno hata moja la Kiarabu, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha barabara ya Kasindi, kwenye mupaka wa Uganda, cha kuuliza mafuta na kusalimia batu ba douane, benye kutoza ushuru. Lakini nilirudi na karton zangu zote, na hakuna mutu aliyenidanganya. Namna gani? Kwa échantillon. Unatwaa kitu kinachoisha soko nyumbani, unakifunga ndani ya kitambaa, unakitia mufukoni. Kule unaingia dukani, unafungua kitambaa chako juu ya meza, unaonyesha kidole: kama hii. Banakuletea. Unalinganisha urefu, uzito, meno, matundu. Vikilingana, unatikisa kichwa na unatoa mukono. Imekwisha.

Namna hiyo nilinunua piston, roulement, cheni za pikipiki, taa za baiskeli. Kuna batu benye diplôme, nabajua, bengine bako hai, balienda kule na makaratasi na bakarudishiwa bitu bya kutupa. Mimi niliacha masomo mwaka wa ine ya primaire, kwetu milimani upande wa Lubero, kwa sababu baba alihitaji mikono katika mashamba ya viazi. Sioni haya kuiandika. Mbele ya ndevu zangu kujaa nilikuwa na nyumba ya matofali, duka la vipuri bya pikipiki na camionnette moja. Tena nilikuwa na bureau, na habari ya ile bureau ndiyo inaniandikisha.

Wakati ule inchi ilikuwa imekatwa kama kitenge. Upande wetu ulikuwa na bakubwa bake, Kinshasa ilikuwa na bake, Goma bake. Kutoka kwetu kwenda Lubumbashi simu hapana, barua hapana, ndege hapana. Mutu aliyekuwa na ndugu ng'ambo ile alikuwa anamuombea tu ku misa, basi.

Mimi ndiye nilileta parabole, ile sahani kubwa ya kushika internet. Niliitoa Kampala juu ya mifuko ya saruji, nikaipandisha kwenye bati la bureau, na batu balikuja kuitazama kama banatazama mukwe. Ndani kulikuwa machine ine za kompyuta, groupe ya umeme nje, na benchi la kungojea. Kupitia machine zile mutu wa Butembo aliweza kuandikia ndugu yake wa Lubumbashi, na ndugu akajibu siku ile ile. Kabla ya mimi, jambo hilo halikuwa hapa. Baliokuja nyuma yangu balikuja nyuma yangu.

Kati ya batu ba benchi kulikuwa inspecteur mumoja wa masomo. Alikuwa mutu wa Kasaï. Serikali ilimutuma Beni mbele ya vita, na vita ikamukuta pale peke yake, kwa maana muke na batoto babili balikuwa bangali Lubumbashi banangojea mwaka wa masomo uishe. Alikaa Mulekera, pale Beni, alilima maharagi nyuma ya nyumba kama sisi bote, lakini kravate ya shingoni hakuiacha hata siku ya kupalilia. Kila mwisho wa juma alipanda gari kuja Butembo kusoma barua ya muke wake. Alikuwa mutu wa mizaha.

"Patron," alikuwa anasema, "weye uliishia mwaka wa ine, mimi niko na licence ya université, mais niko nakaa ku benchi yako sawa mwanafunzi mwenye alichelewa."

"Kaa vizuri basi," nilikuwa namujibu. "Nitakufukuza."

Barua zile alinisomea, kwa sababu furaha ilimuzidi. Muke wake alikuwa amechoka kungojea vita iishe. Akauza vitanda, akatwaa batoto na mudogo wake mwanaume, kijana aliyemaliza masomo ya ufundi, bakaanza kuzunguka inchi nzima kwa inje: Zambia, Tanzania, kisha Uganda. Kutoka kila muji aliandika. Tuko bane, tuko wazima. Mutoto musichana amejifunza kuhesabu kwa Kiingereza. Mudogo wangu anakusalimia, anasema atakutengenezea mulango wa jikoni. Mimi na inspecteur tulifuata safari ile kama batu banasikiliza mpira ku radio.

Kisha ikaja barua ya Kampala. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

"Tumefika," muke aliandika. "Batu hapa banasema barabara ya Kasindi inafunguka na inafungwa. Weye uko karibu, uliza. Nitangojea neno lako mpaka siku ya Mungu ya juma hii. Nikiona kimya, nitajua hauna njia ya kuandika, na nitakuja na gari la kwanza, kwa sababu hapa tunalala pabaya na batoto banakohoa."

Inspecteur aliweka mikono juu ya clavier ili ajibu, kisha akaitoa.

"Nikimwambia akuje, na sijui barabara?" alisema. "Ngoja niulize bachauffeur ku Beni. Vendredi, siku mbili mbele ya siku ya Mungu, nitarudi na neno la kweli."

Ilikuwa akili nzuri. Hata sasa naona ilikuwa akili nzuri.

Sasa, nilikuwa nimetoka Dubai. Processeur, kwa mwenye hajui, ni kile kibati kidogo cha mraba ndani ya machine, chenye miguu mingi myembamba kama sindano chini yake. Ndicho kinafikiri. Kinakaa juu ya carte mère, ule ubao mupana wa kijani wenye kushika vitu byote, na miguu yake inaingia katika matundu ya ubao. Zangu zilikuwa zimezeeka, machine zilikuwa zinachelewa, na batu ba benchi balikuwa banalalamika. Kule Dubai kulikuwa kumetoka kizazi kipya cha processeur, na kila duka liliweka karton zake mbele. Nilifungua kitambaa changu juu ya meza: kama hii, lakini ya kizazi kipya. Mwenye duka akaleta. Nikageuza yangu na yake, miguu juu. Nililinganisha mustari kwa mustari, kona kwa kona, hata pale pembeni penye miguu michache inakosa, ilikosa sawasawa. Uso tu ndio ulibadilika: ya zamani ilifunikwa bati, ya mupya ilikuwa kijani na kioo cheusi katikati, kidogo kama kucha. Uso si kitu. Hata piston inabadilisha rangi ya boksi. Nikanunua karton nzima, kwa sababu niliona muji mzima utanifuata.

Kule kwetu, mutu wa Isiro alikuwa amenisubiri. Alikuwa na machine za zamani sawa na zangu, zilizokufa processeur, na aliomba nimwachie zangu nikipata za mupya. Jeudi jioni, siku moja mbele ya Vendredi, nilifungua machine zote ine, nikatoa za zamani, nikaweka za mupya. Miguu yote iliingia. Sikusukuma hata kidogo. Ilishuka yenyewe kama ufunguo ndani ya kufuli yake. Nilifunga kile kimukono cha pembeni, kikalala vizuri. Groupe ilikuwa imekosa mafuta jioni ile, lakini nani alihitaji groupe? Nimefunga vipuri tangu utoto. Kitu kikiingia bila nguvu mahali pake, kinafanya kazi. Sikupata kuona piston iliyoingia ikakataa kutembea. Nilimufungia mutu wa Isiro zile za zamani, na asubuhi na mapema akaondoka na gari lake, njia ya Beni na Oicha.

Tena niliwaza: kesho inspecteur ataandikia muke wake juu ya machine ambayo Kivu nzima haijaona. Ilinifurahisha kuliko soko.

Vendredi alifika mbele ya saa sita, vumbi mpaka ndani ya masikio. Hakusalimia vile alivyozoea.

"Barabara ni mubaya," alisema. "Ndani ya parc ya banyama balichoma malori mawili hii juma. Bachauffeur ba hapa bamekataa kwenda, mais bale ba upande wa Kasindi, basoda ba jeshi banabaambia iko wazi, bakuje tu. Nataka kuandika neno moja: mungoje. Kiisha nitapumzika."

"Kaa," nilimwambia. "Leo utaandika kama ndege."

Niliwasha groupe. Nikabonyeza machine ya kwanza. Taa ya kijani ikawaka, ventilateur ikaanza kuzunguka, inazunguka vizuri sana, na kioo kikabaki cheusi.

Machine ikiamuka muzuri inalia mara moja, piip, kama kifaranga. Nilingojea ile piip. Inspecteur alikuwa amekwisha kuweka vidole juu ya clavier.

"Patron, inalala?"

"Iko inaamuka. Ya mupya inachelewa kidogo."

"Uliniambia ya mupya ndiyo iko na mbio."

Nilizima, nikawasha. Nilienda kwa ya pili, ya tatu, ya ine. Ventilateur ine zilizunguka, na ndani ya bureau kulikuwa upepo kama wa milimani. Nikafungua zote. Nilitoa barrette za mémoire, vile vibao byembamba bya kumbukumbu, nikasugua meno yake na gomme ya mwanafunzi ya kufutia, nikarudisha. Nilibadilisha kebo. Nilitoa processeur mupya, nikaweka mwenzake kutoka karton, na mwenzake tena. Kila moja iliingia kwa adabu. Hakuna iliyosema kitu.

Batu ba benchi balianza kusogea. Mama mumoja muuza ndizi, mwenye mwana wake alikuwa Lubumbashi, akasema, "Patron wa parabole, leo unatuuzisha upepo?" Bakacheka. Nilicheka pamoja nabo, ili uso wa mutu wa kazi usionekane umeanguka. Inspecteur hakucheka. Alikuwa angali amekaa mbele ya kioo kile, kravate imenyooka.

"Mimi sikukuwa na lazima ya mbio," alisema polepole. "Ile ya zamani ilikuwa inanitosha."

Hilo neno nililibeba.

Tulifikiri njia zote. Simu? Muke hakuwa na simu. Alikuwa anaandikia ndani ya cyber moja karibu na parking ya magari, mahali penyewe hatukujua jina. Kumutuma mutu na barua? Gari lililokuwa linaenda Kasindi halikuwako, ndilo jambo lenyewe. Bazungu ba misaada balikuwa na parabole yabo upande wa juu ya muji, lakini bote balikuwa bamekimbia, mulinzi akatuambia kupitia tundu la mulango kwamba hata yeye hana ufunguo, bamemufungia mule ndani. Mapadri balikuwa na phonie, ile radio ya kuitana, na phonie inasema na phonie mwenzake tu.

Kukabaki mutu wa Isiro. Nilisema: gari lake ni zito, atalala Oicha, na zile za zamani ziko ndani ya sanduku lake. Nikitwaa moja tu, moja, nikairudisha, machine italia, tutaandika. Samedi asubuhi nilitoa pikipiki yangu kubwa, ile niliyoifunga mwenyewe kutoka vis ya kwanza mpaka ya mwisho, nikamupakia inspecteur nyuma, tukaenda. Njia nzima alinishika mabega kama mutoto. Tulipita Beni bila kusimama.

Oicha tulikuta barrière ya kukata njia. Soda mumoja, bunduki mugongoni, alikuwa amekaa juu ya kiti cha shule, radio magotini.

"Nzela ekangami, papa," alisema kwa Lingala yake, bila kuinua macho. Njia imefungwa.

"Tunatafuta mutu wa Isiro, na gari ya bleu," nilimwambia.

"Alipita jana. Bamefunga nyuma yake. Mbele kule banapigana."

"Tunaenda mbio, tunarudi. Niko na kitu yangu ndani ya gari yake."

Akaniangalia sasa. "Kitu gani?"

Nilitoa kitambaa, nikafungua, nikamuonyesha processeur mupya katika kiganja. Aliigusa miguu na kidole.

"Hii kibrosi, sawa ya meno," alisema. "Juu ya hii kibrosi unataka kufa?" Akarudi kwa radio yake.

Inspecteur alisimama pembeni ya barrière anatazama barabara ile nyekundu inayoingia msituni. Kisha akakumbuka kitu. Katika bureau ya serikali ya territoire, pale Oicha, kulikuwa mutumishi mumoja, mutu wa jimbo la Équateur, naye alitumwa na serikali mbele ya vita kama yeye, naye alikuwa na machine.

Tulimukuta yule mutumishi anakausha kakao mbele ya bureau yake, juu ya bâche ya plastiki. Akamukumbatia inspecteur. Tulimueleza. Akatupeleka ndani, akaondoa kitenge juu ya machine, na vumbi likaanguka kama unga.

"Hii ni machine ya État, ya serikali," alisema. "Ili kuifungua inatakiwa signature ya Kinshasa." Akanipa kisu chake. "Donc, fungueni."

Nilifungua vis, ile misumari ya kuzungusha, kwa kisu. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kupanda, kwa maana sanduku lilikuwa lenye umri wa zangu. Nikatoa kifuniko. Nikatazama. Ndani, processeur haikulala. Ilikuwa imesimama. Ilikuwa imevaa boksi nyeusi, ndefu, imesimama wima ndani ya ufa mumoja wa carte mère kama kitabu ndani ya kabati. Haikuwa na mguu hata mumoja.

"Hii inaingia wapi kwako?" inspecteur aliuliza.

Nilitwaa kitambaa changu, nikaweka ya mraba karibu na ile ya kusimama. Niligeuza huku na huku. Mikono yangu inajua kufanya kitu kikubali, mulete lime, ile tupa ya chuma, mulete nyundo ya mpira, mimi nimeingiza moteur ya Kichina ndani ya pikipiki ya Kijapani na ikatembea mpaka Kisangani. Pale sikuwa na kitu cha kusugua na lime. Nilisema, "Hapana ingia."

"Hata kidogo?"

"Hapana, inspecteur."

Akapiga magoti karibu yangu, mutu wa licence na kravate yake, akaangalia ndani ya machine kana kwamba kutakuwa mutu mule wa kuombwa. Mutumishi wa Équateur akarudisha kitenge. Alitupa kakao mubichi tunyonye njiani. Sijui kwa nini nakumbuka ile kakao.

Siku ya Mungu tulikaa Beni, kwake Mulekera. Alienda misa ya kwanza na ya pili. Akarudi akakaa kwenye mulango, nami nikakaa. Sikuweza kurudi Butembo na kumuacha. Jambo lenye lilinichosha ni hili: mutu akinyamaza, kwa kawaida hasemi kitu. Lakini kimya chetu sisi kilikuwa kinasema. Mule Kampala muke alikuwa anaingia cyber, anafungua, anaona hakuna neno, na kule kukosa neno kulikuwa na maana ya njoo. Tulikuwa tunamuita. Tulikaa kwenye mulango, tunakula sombe, tunamuita akuje ndani ya barabara ile, na hatukuweza kufunga kinywa.

"Labda cyber yao imefungwa dimanche," nilisema.

"Labda."

"Labda mutoto anakohoa sana, atangojea."

"Patron, nyamaza kidogo," alisema, bila ubaya.

Siku iliyofuata tulisimama mahali barabara ya Kasindi inaingia muji. Hakuna gari. Bauza mandazi balikuwa pale, na basoda, na batu bengine benye kungojea kama sisi. Siku ya pili yake, jua likiwa limeinama, tuliona batu banakuja kwa miguu. Gari halikuwako. Basoda babili mbele, kisha mustari wa batu, bamama na bidumu, mwanaume mumoja amefungwa shati kwenye kichwa. Inspecteur hakukimbia. Alisimama vile, mukono juu ya kravate.

Muke alikuwa karibu na mwisho wa mustari. Alibeba mutoto mudogo mugongoni na viatu hakuwa nabyo. Musichana alitembea pembeni yake, ameshika kifuniko cha sufuria, kifuniko tu, amekishika na mikono miwili kifuani. Bwana wake akabapokea bote kwa mara moja, akabashika, na hakuna aliyelia. Kisha akatazama nyuma yabo barabarani.

"Mudogo wako?" aliuliza.

"Balipofyatua risasi, sisi tulikimbilia huku, yeye akakimbilia kule," muke alisema. "Tuliita. Basoda bakasema tuendelee."

Tulibaki tunatazama barabara mpaka mustari ukaisha na vumbi likakaa chini. Kisha muke akamwambia bwana wake, kwa sauti ya kawaida, kama mutu anauliza chumvi, "Ulinyamaza. Nilikuandikia kama ukinyamaza nitakuja."

"Machine ilikufa," bwana alisema.

"Machine gani?"

Inspecteur hakunionyesha kidole. Alisema tu, "Ya kuandika." Lakini muke aliniona nimesimama pale na pikipiki yangu kubwa, na akajua machine ni ya nani. Mimi ni mutu wa maneno. Nimesema na bakomanda, na badouanier, na Bahindi, nikaondoka na nilichotaka. Siku ile nilipakia batoto babili kwenye pikipiki, nikaisukuma kwa mikono mpaka Mulekera, nikisemesha musichana habari ya ngombe za kwetu milimani. Hakuachilia kifuniko.

Barabara ilipofunguka nilienda Kampala na karton yangu nzima. Njiani, ndani ya parc, chauffeur alipunguza mwendo pale penye mabati yaliyoungua, na niliangalia majani pande zote mbili, kana kwamba kijana angesimama akaomba gari. Niliangalia vilevile wakati wa kurudi, na mara zote nilizopita pale baadaye. Inspecteur mwenyewe aliuliza katika kila kituo cha soda na kila hospitali toka Beni mpaka mupaka. Hakuna aliyemuona.

Kule Kampala kulikuwa Muhindi mumoja, muuza machine, anayejua Kiswahili kizuri kuliko changu. Niliweka zote mbili juu ya meza yake, mupya na carte mère ya zamani.

"Angalia," nilimwambia. "Inaingia. Miguu yote. Kwa nini haisemi?"

Hakuhitaji kuangalia. "Inaingia, ndiyo," alisema. "Miguu ni ileile. Kazi ya miguu si ileile. Huu ubao wako unaleta umeme kwa mguu ambao huyu mupya anautumia kwa jambo jingine. Tena anakula umeme mudogo, na ubao haujui kumupimia. Hawajuani, mzee. Kila kizazi na ubao wake."

"Na mutu ataona kwa macho?"

"Kwa macho hapana. Inaandikwa."

Nililinganisha tena, mustari kwa mustari, mbele yake, na tena vililingana. Hata leo nikizishika siwezi kuona mahali nilipokosea, na sijaona mutu wa Butembo ambaye angeona. Nikamwambia anipe carte mère ine za kizazi kile kipya.

Nilizifunga mwenyewe. Safari hii niliwasha groupe kwanza. Machine ya kwanza ililia, piip, na batu ba benchi bakapiga makofi, na mama muuza ndizi akasema hatimaye upepo umeleta mvua. Kweli zilikuwa mbio. Hapakuwa na machine kama zile kutoka Bunia mpaka Goma, hiyo nitaisema mbele ya mutu yeyote.

Siku chache baadaye inspecteur akaja na muke wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia bureau yangu. Bwana alibaki kwenye benchi na batoto; muke akakaa mbele ya kioo, kiti kile kile. Alikuwa anamuandikia mama yake Lubumbashi, ndiye aliyemuzaa yeye na yule mudogo wake. Mama alikuwa amekwisha kuandika mara nyingi. Barua zake zilikuwa zimejipanga pale zote, zinauliza jambo moja: mumefika?

Nilimuonyesha pa kubonyeza, kwa sababu njiani mudogo wake ndiye alikuwa anamubonyezea. Aliandika kwa kidole kimoja. "Mama, tumefika." Akangojea. Nilitaka kuondoka, lakini aliniambia, "Baki, papa, sijui hii kitu." Nikabaki. Alifuta, akaandika tena, akafuta. Mwishoni kulikuwa maneno mawili juu ya kioo: "Tumefika batatu."

"Inatosha?" aliniuliza.

"Atakuelewa, mama."

"Tuma basi."

Nilituma. Machine ilifanya kazi yake kwa kufumba jicho, ile mbio niliyoifuata mpaka Dubai. Zamani, barua ikitoka, nilikuwa nasema kwa sauti, imekwisha kufika, ili benchi nzima isikie. Siku ile sikusema.

"Imefika?" muke aliuliza.

"Tungojee jibu," nilisema.

Alivuka mikono juu ya magoti. Saa ya kufunga ikapita, batu ba benchi bakaondoka mumoja mumoja, na musichana akalala juu ya mapaja ya baba yake, kifuniko kando yake. Mafuta ndani ya groupe yalikuwa yanashuka. Nilichukua kidumu cha pikipiki yangu, nikatoka inje, nikaongeza, na nikarudi kusimama nyuma ya kiti chake.